Kuagiza besi kwa fundi: Vipimo vitangulie arbuni

MINADA ya korosho inapofunguliwa kila Oktoba, fedha huingia Masasi na Newala kwa mkupuo. Msimu wa 2024 bei katika minada ya kwanza ilipita Sh. 4,000/= kwa kilo, na fedha za namna hiyo hazikai benki. Zinanunua bati, zinanunua pikipiki, na kwa wachache zinanunua vyombo vya muziki vya kukodisha kwenye harusi na sherehe za unyago.

Hilo la mwisho si anasa kama baadhi wanavyodhani. Katika biashara ya muziki nchini mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Ndivyo ilivyokuwa kwa NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi: mpigaji alikuwa mwajiriwa na gitaa lilikuwa mali ya chama. Anayenunua gitaa la besi Masasi leo ananunua mtaji, na mtaji hupimwa kwa siku unazofanya kazi.

Besi ya dukani Kariakoo hujaribiwa, hulipiwa, huondoka. Besi ya kuagiza kwa fundi wa kujitegemea ni jambo jingine: mnunuzi analipia ahadi. Watu wa kusini wanaijua biashara ya ahadi kwa upande wake wa pili, yaani kangomba. Mchuuzi wa kangomba humpa mkulima fedha wakati wa shida, korosho zikiwa bado mtini, na bei anaipanga yeye. Kwenye oda ya gitaa mambo yamegeuka. Mwenye fedha ndiye anayetanguliza, lakini mwenye nguvu ni aliyepokea. Arbuni ikishaliwa, anayebembeleza ni mnunuzi.

Kosa kubwa hufanyika kabla hata ya arbuni, nalo ni kuagiza "besi nzuri". Hakuna fundi duniani anayejua maana ya maneno hayo. Hata wajuzi wamejifunza kwa gharama. Mpigaji wa Marekani, Anthony Jackson, alimwagiza fundi Carl Thompson wa New York besi ya nyuzi 6, akaipata mwaka 1975. Ilifanya kazi, ila nyuzi zilikuwa zimebanana mno kwa vidole vyake. Safari ya kurekebisha vipimo ilimpeleka kwa mafundi wengine hadi karakana ya Fodera, Brooklyn, katika miaka ya 1980, ambako urefu wa uzi nao ulisogezwa hadi milimita 914. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake hapo. Kilichokosekana mwanzoni ni namba.

Namba zenyewe si nyingi. Urefu wa uzi uliozoeleka ni milimita 864, yaani inchi 34, kipimo kilichoenezwa na besi ya Precision ya Leo Fender ya mwaka 1951. Besi ya nyuzi 5 mara nyingi hurefushwa hadi milimita 889 ili uzi mnene usilegee. Nafasi kati ya uzi na uzi penye daraja huwa karibu milimita 19 kwa nyuzi 4. Upana wa shingo pale juu ni kati ya 38 na 44, kutegemea mkono wa mpigaji. Uzito nao uandikwe: besi inayozidi kilo 4.5 humchosha mtu anayesimama tangu saa mbili usiku hadi alfajiri.

Kuna jaribio moja ambalo hata asiyepiga muziki anaweza kulifanya kwa futi ya fundi cherehani. Kwenye besi ya 864, umbali kutoka kikingio cha nyuzi juu ya shingo hadi freti ya 12 lazima uwe nusu kamili, milimita 432. Seremala hodari wa makabati anaweza kukosea hapo kwa milimita 2 na asione ubaya wowote. Sikio la mpigaji litauona wimbo wa kwanza. Kwa hiyo fundi apimwe kwa gitaa alilokwisha kutengeneza, si kwa kitanda alichochonga. Afrika mafundi wa namna hiyo wapo, ingawa ni wachache. Kinshasa, Misoko Nzalayala, maarufu kwa jina la Socklo, amejijengea jina kwa miongo kadhaa ya kuunda magitaa.

Kuhusu malipo, tuseme oda ni ya Sh. 3,000,000/=. Mnunuzi anayelipa nusu siku ya kwanza amejifunga mwenyewe. Utaratibu wenye nafuu ni awamu tatu zinazofuata kazi: milioni ya kwanza kwa mbao na vyuma, ya pili shingo ikishaungwa na kukaguliwa, ya tatu siku ambayo besi imeunganishwa kwenye spika na kupigwa mbele ya mnunuzi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inaitambua arbuni na maandishi kama uthibitisho wa mapatano. Pia inampa kinga mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi ambayo kitu kitafanya. Lakini isieleweke vibaya. Kwa kawaida kitu ambacho hakijakamilika hakijawa mali ya aliyetoa arbuni. Fundi akifilisika au akifariki katikati ya kazi, mbao zilizopo mezani zitagombewa na wadai wote. Mstari mmoja kwenye karatasi, kwamba mbao na vyuma vilivyonunuliwa kwa awamu ya kwanza ni mali ya mnunuzi, unabadilisha hali hiyo.

Ndipo linapokuja suala la mpingo. Mnunuzi wa Masasi karibu siku zote atamwambia fundi, "Mpingo nitaleta mwenyewe." Ana sababu. Mti huu ni wa kusini, na Wamakonde wameupatia jina duniani kwa vinyago. Ubao wa vidole uliotengenezwa kwa mpingo ni mgumu, hauliwi na nyuzi za chuma, na una sura ambayo wateja hulipia. Ila hesabu ya kinyago haiingii kwenye gitaa.

Mchonga vinyago hupenda gogo bichi kwa kuwa linalainika chini ya tezo, na kinyago kikipata ufa baadaye bado ni kinyago. Ubao wa vidole ukipata ufa au ukijikunja, besi imekufa. Mpingo hukauka polepole sana na hupasuka kuanzia kwenye ncha, hivyo ncha hupakwa nta na mbao hupangwa kivulini kwa miaka, si wiki. Halafu kuna urefu. Klarineti, chombo kinachotumia mpingo mwingi, ina urefu wa sentimita 66 hivi ikiwa imeunganishwa, lakini inatokana na vipande vifupi. Besi yenye freti 24 inataka ubao mmoja wa karibu urefu uleule, mnyoofu, usio na tundu. Mpingo ni mti mfupi uliopindapinda, wenye moyo unaooza mara kwa mara, na huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Sehemu inayobaki kuwa mbao safi ya ala za muziki ni kama moja ya kumi ya gogo. Mwenye kujivunia kwamba ana gogo hajasema bado kama ana ubao.

Asifikirie kabisa kutengeneza mwili mzima wa mpingo. Mti unaozama majini hautundikwi begani. Mwili pekee ungepita kilo 5. Mninga, ambao haujikunji ovyo, unafaa zaidi kwa kazi hiyo na upo.

Karatasi nazo zina bei. Mpingo usio na kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia ya TFS hukamatwa kizuizini, pamoja na gari. Fundi akiwa nje ya nchi kuna jambo la ziada: tangu Januari 2, 2017 karibu miti yote ya jamii ya mpingo imo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2019 uliziondoa ala za muziki zilizokamilika na sehemu zake zilizokamilika, kuanzia Novemba 26 mwaka huo. Besi iliyokwisha haisumbuliwi mpakani. Ubao ulioranduliwa tu bado unadai kibali.

Hapo ndipo mwekezaji mdogo anapoweza kuona biashara ambayo mpigaji haioni. Vijiji vya Kikole na Kisangi, Wilaya ya Kilwa, vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa misitu vinayoisimamia vyenyewe, na mpingo wenye cheti huulizwa na watengenezaji wa ala. Mwenye ghala kavu Masasi, mbao chache zenye karatasi kamili, na fedha ambayo hataihitaji kwa miaka 2 au 3, ana bidhaa inayopanda thamani ikiwa imelala. Mwenye mkopo wa riba ya kila mwezi asiiguse.

Besi ya oda ina udhaifu mmoja ambao mafundi hawautaji: soko lake la kuuzia tena ni jembamba. Ya kiwandani ina jina ambalo kila mpigaji analijua. Ya fundi inauzika kwa yule tu ambaye mkono wake unalingana na vipimo vyake. Anayekusudia kuiuza baada ya misimu miwili abaki na vipimo vya kawaida na nyuzi 4. Mkataba utaje pia kwamba fundi ataikaza upya nondo ya ndani ya shingo mara moja, bila malipo, baada ya masika ya kwanza, maana unyevu wa Newala utaisogeza shingo yoyote.

Kwa oda ya miezi 8, fedha ya Oktoba inaleta besi Juni. Awamu ya tatu inaangukia wakati ambapo korosho zimekwisha kuuzwa siku nyingi na minada mipya iko mbali. Asiyeitenga milioni hiyo tangu Oktoba ataikopa.