Mfalme Aliyechoka: Somo Kutoka Kasri la Versailles



Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Yohane 4:5-14, kisha Mathayo 6:28-29 na Mathayo 11:28-30.

Kijana mwenzangu, karibu tena kwenye somo letu. Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho ni nadra kukiweka kwenye sala: uchovu. Tunajua kusali tukiwa na mitihani, tukiwa wagonjwa, tukikosa ada. Lakini uchovu wa kawaida, ule wa miguu kuwaka moto na hasira kukaa karibu, tunauona ni jambo la mwili tu. Kumbe mtu akishachoka ndipo unaona moyo wake unamtumikia nani. Somo hili limenifikia mahali ambapo sikutarajia kabisa, kwenye kasri la wafalme wa Ufaransa.

Dada yangu anaishi Paris na mume wake na mtoto wao wa miaka sita. Tulipokwenda kuwatembelea, mimi, baba, mama na bibi, alitupangia siku nzima ya kwenda Versailles. Watu saba, treni ya asubuhi, viatu vya Jumapili. Jioni tulirudi hoi. Ila nilirudi na mambo matatu ya kukushirikisha.

1. Nyumba iliyomzunguka mtu mmoja

Versailles ilianza kama nyumba ndogo ya kuwindia ya Mfalme Louis wa 13, mwaka 1623. Mwanawe, Louis wa 14, aliipanua mpaka ikawa kasri, na mwaka 1682 akahamishia huko makao ya serikali. Leo wanahesabu vyumba kama 2,300. Ukitembea humo na bibi wa miaka 78 utaelewa namba hiyo maana yake nini!

Kila kitu kilimzunguka mfalme. Kuamka kwake asubuhi kulikuwa sherehe, na wakubwa waliingia chumbani kwa zamu kulingana na vyeo vyao. Kula kwake watu walisimama kutazama. Bustanini kulikuwa na chemchemi nyingi sana, lakini maji hayakutosha kuzifungulia zote kwa pamoja, hata baada ya kujengwa mtambo mkubwa wa kuyavuta kutoka mto Seine. Basi mafundi wa maji walipigiana filimbi: mfalme akikaribia, chemchemi inafunguliwa, akishapita, inafungwa.

Shemeji alipotueleza hilo tulicheka. Baadaye nikawaza, mbona na sisi tunaishi hivyo hivyo? Tunafungulia upendo pale mtu muhimu anapopita. Bosi, mchumba, watu wa mtandaoni. Akishapita tunafunga. Nyumbani, kwa mama na wadogo zetu, bomba ni kavu.

2. Macho yalitazama wapi?

Ndani ya kasri kuna kanisa zuri lililokamilika mwaka 1710, lililowekwa chini ya Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1270. Huyu ni Mtakatifu wa kweli wa ikulu: alikuwa akiwalisha maskini mezani kwake na kuwaosha miguu. Kanisa lilimtangaza Mtakatifu mwaka 1297, na tunamkumbuka kila tarehe 25 Agosti.

Louis wa 14 alihudhuria Misa karibu kila siku. Hilo ni jema, tusimnyime haki yake. Lakini mwandishi wa zama zake, La Bruyère, aliwachora watu wa ikulu wakiwa kanisani wameipa altare mgongo, nyuso zao zimemwelekea mfalme aliyepiga magoti juu kwenye roshani. Mfalme anamwabudu Mungu, wao wanamwabudu mfalme.

Jiulize, mwili wako ukiwa kanisani, uso wako umeelekea wapi? Unaweza kuwa kwenye kwaya, umevaa sare, sauti safi, na bado unaimba ukimtazama mtu mmoja tu aliyeketi benchi la tatu. Wafuasi wa namna hiyo si wa Versailles peke yake.

3. Ukumbi wa Vioo na wapagazi wetu

Sehemu maarufu kuliko zote ni Ukumbi wa Vioo. Una urefu wa mita 73 na vioo 357. Watu wote wanajipiga picha humo, na sisi tulipiga.

Ndipo shemeji akamwambia bibi, "Shikamoo tena bibi, maana hapa unasimama kwenye historia yetu." Akaeleza. Tarehe 28 Juni 1919, ndani ya ukumbi ule, ulitiwa saini Mkataba wa Versailles baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa mkataba ule Ujerumani ilipoteza makoloni yake. Tanganyika ikaja kuwa chini ya Uingereza, na Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji. Hakuna aliyewauliza babu zetu.

Bibi alinyamaza. Babu yake mwenyewe alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita ile na hakurudi, wala kaburi lake hatulijui. Vita ya huku kwetu ilipiganwa juu ya mabega ya wapagazi. Wenyeji waliobeba risasi, mahindi na majeruhi walikufa kwa maelfu kwa njaa, maradhi na kuchoka. Hata jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Kila siku tunalitaja tukienda sokoni.

Bibi akauliza kwa sauti ya chini, "Na waliobeba mizigo, majina yao waliyaandika wapi?"

Hatukuwa na jibu. Akaegemea ukuta karibu na dirisha, akatoa rozari kwenye mkoba, akamsalia babu yake. Watu wanapita na simu zao juu, yeye macho chini, midomo inatembea. Mpwa wangu akaenda kumshika mkono. Kusema ukweli, katika dhahabu yote ya jumba lile sikuona kitu kizuri kuliko hicho. Kuwaombea marehemu ni tendo la huruma, na lilifanyika mahali ambapo marehemu yule hakuwahi kukumbukwa.

4. Uchovu ulipotukamata

Saa nane mchana tulikuwa bustanini na mambo yakaanza kuharibika. Mtoto analia. Baba kanuna. Goti la bibi limevimba. Dada bado anataka tufike Trianon, yale majumba madogo ya mbali, na kutoka tulipokuwa ni mwendo hasa.

Mama akasema, "Tupumzike turudi."

Dada akapandisha, "Mama, nimejipanga miezi yote hii, nimelipa tiketi, halafu mnataka kurudi hata nusu hatujaona!"

Mama akamtazama akamjibu polepole, "Mwanangu, sisi hatukuja kuona kasri. Tumekuja kukuona wewe."

Dada alikaa kwenye nyasi akalia. Miaka sita hajakanyaga nyumbani. Alitaka tuone kwamba hakupoteza muda huku ugenini, kwamba maisha yake yana kitu cha kuonyesha. Alikuwa anatufungulia chemchemi zote kwa wakati mmoja, na maji yameisha.

Baba akavua koti akamtandikia bibi. Shemeji akambeba mtoto mgongoni mpaka akalala. Mama akafungua chapati alizokuwa amezifunga kwenye taulo. Tukakaa pale kando ya mfereji mkubwa karibu saa mbili nzima bila kuona kitu kingine chochote. Hapo ndipo mama na dada walizungumza mambo ambayo kwenye simu walikuwa wanayazunguka tu kwa miaka.

5. Mfalme aliyeketi kisimani

Sasa rudi kwenye Yohane 4. Yesu amechoka kwa safari. Ni saa sita mchana, jua kali, ameketi kisimani. Hana wa kumpigia filimbi maji yatoke. Anamwomba mwanamke Msamaria ampe maji ya kunywa, na mwanamke huyo ndiye anayeahidiwa maji ya uzima yasiyofungwa kamwe.

Hebu litafakari hilo. Mungu aliyeumba mito anaomba maji. Kwa nini? Kwa sababu Mfalme huyu hakuja ili sisi tumbebe, amekuja kutubeba. Katika Mathayo 11 anawaita kwake wote waliolemewa na mizigo. Mpagazi asiye na kaburi anajulikana kwake kwa jina, maana Yeye naye alibeba mti mabegani akaanguka njiani.

Papa Pio wa 11 alianzisha Sikukuu ya Kristo Mfalme mwaka 1925, miaka michache tu baada ya vita ile, wakati falme kubwa zilikuwa zimeanguka. Alitaka watu wakumbuke nani anatawala kweli. Ufalme wa Kristo ndio huu wa msalabani na kisimani.

Mambo matatu ya kushika wiki hii

Kwanza, ukichoka, sema umechoka. Yesu hakuona aibu kukaa chini na kuomba maji. Kujikaza ili uonekane imara si fadhila.

Pili, mtafute aliyechoka kuliko wewe ndani ya nyumba yako, umpunguzie mzigo mmoja: kuosha vyombo, kuchota maji, kumkalia bibi na kumsikiliza.

Tatu, muulize mzee wa familia jina la ndugu mmoja aliyesahaulika, uliandike, kisha umtolee fungu moja la rozari.

Maswali ya kujadili kwenye jumuiya au kikundi cha vijana

Ni nani akipita ndipo "nafungua chemchemi"? Na ni nani nyumbani anaambulia bomba kavu?

Nikiwa kwenye Misa, uso wangu umeelekea wapi?

Kuna mtu ninamwonyesha mafanikio yangu wakati yeye anataka kuniona mimi tu?

Sala

Bwana Yesu, Mfalme wetu, wewe uliyechoka ukakaa kisimani, utazame uchovu wa familia zetu. Utuondolee hasira zinazotoka kwenye miguu iliyochoka na mioyo inayotaka kusifiwa. Uwapokee katika mwanga wako wapagazi wote na marehemu wasio na makaburi. Utufundishe kubebana hapa duniani, mpaka utufikishe nyumbani mwa Baba, kwenye makao mengi ambamo hakuna atakayechoka wala kusahauliwa. Amina.

Mtakatifu Ludoviko, utuombee.