Sepsisi Ufipa: ya Kufanya na ya Kutofanya Wakati Dawa Mpya Bado Inajaribiwa

Usiseme "ni baridi tu." Juni na Julai Sumbawanga nzima inatetemeka, lakini baridi ya hewa haimfanyi mtu apumue mbio, aweweseke au ashinde kutwa bila kukojoa. Mwenye kidonda, nimonia au ugonjwa wa njia ya mkojo akifikia hapo, mchukulie kuwa ana sepsisi, yaani mwili unajidhuru wenyewe unapopambana na maambukizi. Mpeleke hospitali sasa hivi.

Mama aliyejifungua akishikwa na homa, au kichanga akikataa kunyonya, piga 115 uombe gari la dharura la m-mama. Ni bure. Usingoje kukuche.

Usinunue antibayotiki vidonge viwili vitatu ukakaa kusubiri nafuu.

Mhudumu wa zahanati za bondeni, upande wa Muze na Mtowisa: hesabu pumzi za mgonjwa. Kipimo cha malaria kikisoma chanya, usidhani sepsisi haipo. Toa sindano ya kwanza ya antibayotiki kabla gari halijaanza kupanda mlima kuja Sumbawanga.

Usiuze mahindi ya watoto kutafuta "dawa ya kuamsha kinga." Dawa hizo zipo, na ni za saratani. Sepsisi ikikomaa, seli T za kinga huchoka, na juu yake kuna protini iitwayo PD-1, ambayo huzizuia kama breki. Nivolumabu, mojawapo ya dawa hizo, huiachia breki hiyo. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua njia hii dhidi ya saratani. Kwa sepsisi, utafiti uliochapishwa 2019 ulikuwa na wagonjwa 31 tu, tena ulipima usalama na kiasi cha dawa. Haukupangwa kuthibitisha kwamba inaokoa maisha. Na kinga iliyoachiwa huweza kushambulia mapafu, ini na utumbo wa mgonjwa mwenyewe.

Usiidharau tahadhari hii kuhusu tiba ambayo haijathibitishwa. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, kwa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania yetu, ulionyesha kuwa kuwamiminia maji ya dripu kwa kasi watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu kuliongeza vifo. Tiba hiyo ilikuwa ikisifiwa duniani kote.

Watafiti, ijaribuni nivolumabu kwa wagonjwa wa huku pia. Kabla ya hapo, anayekuuzia dawa hiyo mtaani kwa ajili ya sepsisi anakuibia. Mripoti kwa mfamasia wa halmashauri yako.