SOMO LA UFUNDI: PIKIPIKI INAPOVUJA PETROLI



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wanafunzi na wazazi wapendwa, katika mji wetu wa Morogoro na vijiji vya Uluguru, pikipiki ni mguu wa familia nyingi. Hushusha mboga kutoka Mgeta, ndizi na viungo kutoka Kinole na Matombo, na hupeleka wagonjwa hospitali. Nyingi kati ya hizo ni za zamani, zenye kabureta. Njia za milimani zina mashimo na mawe. Mtikisiko hulegeza klipu na skrubu, na vumbi huingia kwenye mafuta. Ndipo petroli huanza kuvuja.

Je, kuvuja kidogo ni jambo dogo?

Tupige hesabu. Tuseme matone yanajaza kijiko cha chai, yaani mililita 5, kila dakika 10. Kwa saa moja ni mililita 30. Kwa usiku wa saa 10 ni mililita 300. Kwa siku 30 ni lita 9! Hiyo ni israfu. Na ikiwa pikipiki ni ya tajiri aliyemkabidhi dereva, basi ni amana inayopotea.

Lakini hatari ya moto ni kubwa kuliko hasara. Wengi wetu huingiza pikipiki ndani usiku kwa kuogopa wezi, watoto wamelala chumba cha pili na jiko la mkaa liko ukumbini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki dirishani bali hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Sisi watu wa Morogoro hatuhitaji kuhadithiwa. Tarehe 10 Agosti 2019, katika siku za kuelekea Idi al-Adh'ha, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakaenda kuchota petroli, na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walifariki. Allah awarehemu na awape subira waliofiwa.

KWANZA: TUJUE NJIA YA MAFUTA

Petroli hushuka kwa uzito wake kutoka kwenye tangi, hupita kwenye koki, kisha kwenye mpira na chujio, hadi kwenye bakuli la kabureta. Ndani ya bakuli kuna boya, ambalo mafundi huliita floti. Mafuta yakijaa, floti hupanda na kusukuma sindano izibe njia. Mafuta yakipungua, floti hushuka na njia hufunguka. Sindano ikishindwa kuziba, mafuta huzidi na kutoka kwenye mpira mdogo wa chini.

PILI: MAANDALIZI

1. Toa pikipiki nje, mbali na jiko, sigara na taa ya moto. Zima injini, iache ipoe.
2. Weka ndoo ya mchanga karibu. Usimwagie maji moto wa petroli, kwani petroli huelea juu ya maji na moto husambaa.
3. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali tambarare. Kwenye mteremko kabureta inaweza kumwaga mafuta bila ubovu wowote.

TATU: KUTAFUTA PANAPOVUJA

Kumbuka kanuni hii: tone huanguka chini, lakini ubovu uko juu. Usilaumu mahali tone linapodondokea. Fuata unyevu kwenda juu hadi sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Futa kila kitu kwa kitambaa kikavu, tandika boksi chini, kisha funga koki na usubiri dakika 10.

- Kukilowa huku koki imefungwa, tazama tangi, maungio ya koki na koki yenyewe.
- Kukibaki kukavu, fungua koki bila kuwasha injini. Mpira ukilowa, una ufa au klipu imelegea.
- Ukingo wa bakuli ukilowa, gasketi imechoka.
- Mafuta yakitoka kwenye mpira mdogo wa chini, tatizo ni sindano au floti.

Angalia pia oili ya injini. Ikiwa imeongezeka na inanuka petroli, usiwashe. Petroli imeingia kwenye injini. Tengeneza kwanza sindano, kisha badilisha oili.

NNE: KUTENGENEZA

Funga koki kabla ya kufungua chochote.

Mpira: ukipasuka mwishoni na bado ni mrefu, kata kipande hicho na uuchomeke upya. Vinginevyo nunua mpira wa petroli wa kipenyo kilekile. Mpira wa dripu haufai, maana petroli huukausha ukapasuka.

Gasketi: weka mpya. Kaza skrubu kwa kupishana, bila nguvu nyingi. Nyuzi za kabureta huharibika upesi.

Sindano: mara nyingi ni uchafu tu. Legeza skrubu ya chini ya bakuli, kinga mafuta kwenye chombo, uchafu utoke. Ikiendelea, fungua bakuli. Ncha ya sindano ikiwa na alama ya duara, badilisha. Tikisa floti, ukisikia mafuta ndani, imetoboka.

Tangi: tundu dogo la kutu huzibwa kwa muda kwa kusugua sabuni ya kipande, ili ufike kwa fundi. Usikubali kabisa tangi lichomelewe bila kusafishwa mvuke wote. Tangi tupu lenye mvuke linaweza kulipuka.

Ukimaliza, rudia kipimo cha boksi kwa dakika 10. Likibaki kavu, washa injini na utazame tena.

TANO: USAFI NA IBADA

Wanafunzi huuliza kama nguo yenye petroli ni najisi. Petroli si najisi, lakini harufu yake huwaudhi wanaoswali, basi badilisha nguo kabla ya kwenda msikitini. Grisi nzito iondolewe kabla ya udhu, kwa kuwa huzuia maji kufika kwenye ngozi. Tumia sabuni, usinawe kwa petroli.

MASWALI

1. Kwa nini tunaanza na koki ikiwa imefungwa?
2. Kijiko kikijaa kila dakika 5, ni lita ngapi zitapotea kwa usiku 30?
3. Leo jioni, pamoja na mzazi, fanya kipimo cha boksi kwenye pikipiki ya nyumbani. Umeona nini?

Allah atuhifadhi sisi na familia zetu. Wabillahi tawfiq.