Huduma za Ushauri Kuhusu Sumu: Msaada kwa Tabibu na kwa Mwananchi

Athari za sumu hazionekani mara moja siku zote. Mtu aliyemeza vidonge vingi vya parasetamoli huweza kuzungumza na kula kama kawaida siku ya kwanza, ilhali ini lake limekwisha kuanza kudhurika. Dawa ya kulikinga ini, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza kutolewa ndani ya saa 8 tangu vidonge vimezwe. Kwa hiyo ushauri sahihi wa mapema huweza kuokoa maisha.

Nchini Uingereza, Huduma ya Taifa ya Taarifa za Sumu ilianzishwa mwaka 1963. Vituo vyake viko Birmingham, Cardiff, Edinburgh na Newcastle. Mhudumu wa afya huanza kwa kusoma TOXBASE, hazina ya taarifa mtandaoni inayoeleza madhara ya kila sumu, vipimo na matibabu yake. Tatizo likiwa gumu, hupiga simu saa yoyote, na ikibidi huunganishwa na daktari bingwa wa sumu. Mwananchi wa England hupiga namba 111. Nchini Marekani, ambako kituo cha kwanza kilifunguliwa Chicago mwaka 1953, mzazi na daktari hutumia namba moja ya pamoja.

Anayepokea simu huuliza: Ni kitu gani? Kiasi gani? Lini? Kimeingia kwa kumezwa, kuvutwa au kupitia ngozi? Mgonjwa ana umri na uzito gani, na hali yake ikoje sasa? Majibu hayo humtenganisha anayeweza kuangaliwa nyumbani na anayepaswa kukimbizwa hospitali.

Ushauri huzuia pia tiba yenye madhara. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa ili atapike. Hatari kubwa ya mafuta hayo ni kuingia mapafuni, na kutapika huongeza hatari hiyo.

Pale ambapo hakuna namba ya kupiga, mambo manne yazingatiwe:

1. Mgonjwa aondolewe penye sumu. Nguo zilizolowa zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi.
2. Asitapishwe.
3. Apelekwe kituo cha afya bila kungoja dalili.
4. Chupa, pakiti au mabaki ya sumu yachukuliwe pamoja naye, kwani swali la kwanza la tabibu litakuwa: ni kitu gani?