Kabla Hujanunua Chaja ya Gari Satwa, Iangalie Soketi Yako

Ukipita vichochoro vya Satwa, Dubai, usiku, nyuma ya Mtaa wa 2 Desemba ambao wakongwe bado wanauita Diyafah, siku hizi utaona waya mweusi unatoka dirishani, unateremka ukutani, unavuka njia ya waenda kwa miguu na kuishia ubavuni mwa gari la umeme. Mara nyingine katikati ya safari hiyo umeungwa kwa ekstensheni ile ile ya kupigia pasi. Kila ninapouona nasimama, kwa sababu katika villa tuliyokuwa tumepanga vyumba nilishagusa plagi ya namna hiyo saa nane za usiku ikanibabua vidole. Tulipoichomoa, pini moja ilikuwa imegeuka kahawia na plastiki ya soketi imelegea kama nta. Watu kumi na mmoja walikuwa wamelala ndani.

Kwa hiyo shemeji yangu aliponipigia kutoka Dar es Salaam, akasema amenunua Nissan Leaf iliyotumika Japani na anakuja Dubai kutafuta chaja ya kubeba, nilimwambia asifike na pesa tu. Afike na picha nne: tundu la kuchajia la gari, soketi ya ukutani pale gari linapolala, kisanduku cha swichi za nyumba kikiwa wazi, na kibandiko cha kebo aliyopewa na gari. Nawe fanya hivyo hivyo, hata kama unakaa hapa hapa, dakika tano kutoka dukani. Mwenye duka hawezi kukuambia ni chaja ipi inakufaa bila kujua umeme wako ukoje, na wengi hawaulizi.

Jina "chaja" linatupotosha. Chaja yenyewe, ile inayogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme wa betri, imo ndani ya gari tangu kiwandani. Kisanduku unachokinunua, chenye plagi upande mmoja na bastola ya gari upande wa pili, ni mlinzi wa mlango. Kinaangalia kama waya wa ardhini upo. Kinaliambia gari livute ampea ngapi na lisizidi. Kinakata umeme ukivuja. Mazungumzo baina ya kisanduku na gari hupita kwenye pini ndogo kwa ishara ya volti 12, na mpaka yakamilike pini kubwa hazina umeme. Ndiyo maana unaweza kuishika bastola mkononi kabla ya kuichomeka bila kudhurika. Ukishalielewa hilo, maneno "kasi zaidi" yaliyochapwa kwenye boksi yanapungua uzito. Kasi hutoka kwenye soketi, kwenye waya za nyumba na kwenye chaja iliyo ndani ya gari. Unachokilipia dukani ni uangalifu wa mlinzi.

Tulianzia maduka ya vifaa vya magari, yale yanayopakana na washonaji wa viti na wabandika vioo vyeusi. Shemeji alishika kisanduku kikubwa chenye kioo cha rangi.

"Shemeji, hii ya ampea 16 si ndiyo yenye nguvu?"

"Ina nguvu kuliko soketi yako, shemeji. Ile plagi ya pini tatu bapa uliyonayo nyumbani mwisho wake ni 13."

"Lakini wanatoa na adapta."

Hiyo adapta ndiyo ninayoiogopa kuliko kitu kingine chochote kilichomo kwenye boksi. Chaja ya ampea 16 huja na plagi ya buluu ya viwandani, ya mviringo, iliyoundwa kubeba mzigo huo kwa saa nyingi. Ukiivisha adapta ya pini tatu bapa, kisanduku hakijui kuwa kimeshushwa hadhi. Kinaendelea kuliruhusu gari livute 16. Usitegemee fyuzi ya plagi ikuokoe. Fyuzi ya ampea 13 ya plagi za Kiingereza, ambazo ndizo zetu hapa Emirati kama zilivyo Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Tanzania, imetengenezwa ivumilie hadi mara 1.6 ya kiwango chake kwa muda bila kukatika. Hiyo ni karibu ampea 21. Kwa hiyo 16 zitapita usiku kucha, fyuzi haitakatika, na joto litakusanyika kwenye pini.

Hata ampea 13 zenyewe soketi ya kawaida haizipendi kwa saa nane mfululizo. Birika huvuta nyingi, lakini kwa dakika tatu, kisha soketi inapoa; gari halipumziki. Chagua chaja ambayo unaweza kuishusha hadi ampea 10, 8 na 6, na ikumbuke ulichochagua hata umeme ukikatika na kurudi. Nimeona zinazorudi kwenye kiwango cha juu kila umeme unaporejea. Jaribu jambo hilo dukani: iweke kwenye 8, ichomoe ukutani, irudishe, uone inaonyesha ngapi.

Wengi hapa hukataa wakidhani ampea 8 ni kidogo mno. Tupige hesabu. Kutoka Satwa kwenda kazini Jebel Ali na kurudi ni kiasi cha kilomita 70. Gari la wastani hula kama uniti 17 kwa kilomita 100, kwa hiyo siku nzima imekula 12, ongeza kidogo kwa kiyoyozi. Ampea 8 kwa volti 230 ni kilowati 1.84. Ukichomeka saa nne usiku, alfajiri saa kumi na moja umeshaingiza karibu zote. Kwa ampea 10, yaani kilowati 2.3, unazimaliza na muda unabaki. Kwa fungu la kwanza la bili ya DEWA, mamlaka ya umeme na maji ya Dubai, filsi 23 kwa uniti, hizo ni dirhamu tatu hivi kabla ya nyongeza. Betri nzima ya uniti 60 kutoka sifuri, ndiyo, itakuchukua zaidi ya siku moja, lakini nani hufika nyumbani kila usiku na sifuri? Siku ya safari ndefu kachaji kwenye kituo cha umma.

Sasa geuza kisanduku usome kibandiko cha nyuma. Namba ninayoitafuta kwanza ni IEC 62752. Hicho ndicho kiwango cha kimataifa cha visanduku vya kebo vya namna hii hasa, nacho hudai kisanduku kikate umeme unapovuja miliampea 30 za umeme wa kawaida, na pia kikabiliane na uvujaji wa umeme wa moja kwa moja kuanzia miliampea 6. Hilo la pili ndilo maduka mengi hayalifahamu, nalo ni kubwa. Kikata umeme cha kwenye swichi za nyumba, kile ambacho mafundi wa hapa hukiita ELCB, kimeundwa kunusa uvujaji wa umeme wa kawaida. Gari bovu linaweza kuvujisha umeme wa moja kwa moja, wa aina ya betri, na huo hukipumbaza. Kinabaki pale ukutani, kitufe chake kikiwa juu, lakini siku mtu akishikwa na umeme wa mashine ya kufulia hakitashtuka. Chaja mbovu ya gari, kwa hiyo, inaweza kuondoa ulinzi wa jikoni.

Ikiwa kibandiko kinataja IEC 61851 peke yake, uliza zaidi. Hicho ni kiwango cha mfumo mzima wa kuchaji na hakithibitishi kisanduku chenyewe. Herufi CE peke yake ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Alama ya G ya nchi za Ghuba ina uzito zaidi sokoni hapa, na ikiwa imeambatana na msimbo wa mraba, uuskani kwa simu yako palepale kaunta, kisha ulinganishe jina la mtengenezaji na namba ya modeli na vilivyo mkononi. Vikipishana hata kwa herufi moja, rudisha kisanduku mezani. Kibandiko kisicho na jina la mtengenezaji wala namba ya toleo hakihitaji mjadala.

Halafu kuna kitufe cha kukataa kabisa. Baadhi ya chaja za bei ya chini zina sehemu kwenye menyu, au kubonyeza kwa sekunde kadhaa, kunakoziruhusu zichaji bila waya wa ardhini. Muuzaji atakionyesha kwa furaha, kama fadhila: "Hii inachaji popote." Nielewe vizuri hapa. Waya wa ardhini ndiyo njia ya umeme kuondoka iwapo bati la gari limeguswa na waya wenye umeme. Bila hiyo njia, gari zima linaweza kusimama juu ya matairi yake manne ya mpira likiwa na umeme, likimsubiri wa kwanza kuligusa akiwa pekupeku juu ya sakafu yenye maji. Chaja ikikataa kuchaji kwa kuwa haioni ardhi, imefanya kazi uliyoilipia. Mwite fundi.

Katika villa za zamani za Satwa, zilizogawanywa vyumba na kuongezewa soketi mwaka baada ya mwaka, jambo hili si la kubahatisha. Nunua kipima soketi chenye taa tatu. Hupatikana maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ndogo. Kitakuonyesha kama ardhi haipo au waya zimepishana. Hakitakuambia kama hiyo ardhi ni imara. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita. Mwombe mwenye nyumba ruhusa, na ukitaka soketi mpya kwa ajili ya gari, yenye laini yake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, kazi hiyo afanye mkandarasi aliyesajiliwa DEWA. Ukikaa ghorofani na gari liko barabarani, jibu langu ni fupi: usishushe waya. Tumia vituo vya umma.

Kuhusu bastola ya upande wa gari, hapa wengi hupoteza pesa. Magari yaliyouzwa rasmi Emirati hutumia aina ya 2, yenye pini saba. Yaliyoletwa moja kwa moja kutoka China mara nyingi yana tundu la Kichina la GB/T. Ukilitazama haraka utadhani ni lile lile, kumbe haliingiliani. Leaf nyingi zilizotoka Japani zina aina ya 1, yenye pini tano. Nunua kisanduku chenye bastola ya gari lako tangu mwanzo. Kila adapta ni kiungo kimoja zaidi cha kupata joto, na ya ovyo inaweza kutokufunga vizuri, ikachomoka huku umeme ukipita. Kebo ya kiwandani ya Japani nayo isome: ya shemeji ilikuwa imeandikwa volti 200. Nyumbani kwake, kama hapa, ni 230 na wakati mwingine zaidi. Tuliiacha.

Hali ya hewa yetu nayo ni mtihani. Kiangazi joto hupita nyuzi 45 kivulini, na visanduku vingi vimeandikwa mwisho 50. Kisanduku cheusi kilicholazwa juu ya vigae saa sita mchana hufika huko bila kuchaji chochote. Kitundike ukutani upande wa kivuli, chaji usiku. Agosti unyevu wa bahari ya Jumeirah huja mpaka Satwa na asubuhi kila kitu kinachuruzika. Tafuta kisanduku kinachozuia vumbi na maji kwa kiwango cha IP65 au IP67, lakini kumbuka namba hiyo inahusu kisanduku, si plagi. Plagi na soketi zikae pakavu. Na kama bei inaruhusu, chukua yenye kipima joto ndani ya plagi yenyewe. Ndiyo ingeokoa vidole vyangu, kwa kuwa joto huanzia pale, mbali na kisanduku.

Usiku wa kwanza usilale mapema. Anza na ampea 6 au 8. Baada ya nusu saa gusa plagi na uso wa soketi kwa nyuma ya mkono, kisha tena baada ya saa moja na saa mbili. Vuguvugu si neno. Ikiwa huwezi kuuacha mkono pale, au kuna harufu kama ya samaki aliyeungua, zima swichi kwanza, ndipo uchomoe, na usiitumie tena soketi hiyo hata "kwa leo tu". Soketi iliyowahi kuungua haishiki pini kama zamani. Rudia kugusa mara moja kila wiki. Soketi huchakaa kwa kuchomekwa na kuchomolewa.

Shemeji aliondoka na kisanduku cha ampea 10, bastola ya aina ya 1, plagi iliyoumbwa pamoja na kebo, kinachokata umeme volti zikipanda au zikishuka mno, jambo ambalo kwao litafanya kazi kila wiki. Kwenye risiti tuliandikisha namba ya kisanduku. Lakini hakukichomeka alipofika. Kipima soketi chenye taa tatu nilichomfungia kwenye begi kilionyesha kuwa soketi ya barazani haina ardhi kabisa; tundu la tatu lilikuwa pambo. Kwa siku tisa gari lilichajiwa kwa rafiki yake. Siku ya kumi akanitumia picha: waya wa kijani na manjano umeteremka ukutani kutoka kwenye soketi mpya, umefungwa kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini kando ya mpapai, na fundi amechuchumaa pembeni na mita yake, anasoma.