Dondoo muhimu: Sakafu ya vinili kwa ofisi za Singida

Singida ina upepo na mchanga, na mchanga unaoingia na viatu ndio unaokwangua vinili. Kwa hiyo dukani usiridhike na unene wa jumla. Uliza unene wa tabaka la juu linalopokea msuguano: ofisi yenye wateja wengi inahitaji angalau milimita 0.5. Angalia pia daraja la matumizi kwenye katoni; 21 hadi 23 ni la nyumbani, 31 hadi 34 ni la ofisi na biashara.

Sakafu ya saruji lazima ikauke kwanza. Tandika nailoni ya mita moja ya mraba, ziba kingo zake zote kwa soloteipu, iache saa 24. Ukikuta umande chini yake, subiri, hata kama fundi ana haraka, maana unyevu huo utabandua gundi. Niru iliyopasuka izibwe na kusawazishwa. Vinili haifichi mabonde.

Mlangoni weka mkeka mgumu wa kupangusia viatu, mrefu wa hatua kadhaa. Wakati wa usafi, fagia mchanga wote kabla ya kupiga deki.