Chama cha Wafanyakazi Kinapoingia katika Siasa

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni habari ya vyama vya wafanyakazi na uchaguzi. Pengine utasema, mimi ni mkulima, mshahara sina, habari hizi zinanihusu nini? Ngoja kidogo. Pamba yako inapakiwa katika treni na mfanyakazi. Bandarini inapakiwa melini na mfanyakazi. Tena baadhi ya watoto wako watakuwa wafanyakazi. Na swali la leo linakihusu chama chochote cha wanyonge, hata chama cha ushirika: kikishikana mkono na chama cha siasa, kinapata nini, na kinatoa nini?

Kwanza tuvitenganishe vyama hivi viwili. Chama cha wafanyakazi ni watu wa mshahara walioungana ili waseme na mwajiri kwa sauti moja. Kinadai mshahara wa kutosha, saa za kazi zinazofaa, likizo, na kinamtetea anayefukuzwa bila haki. Silaha yake kubwa ni mgomo, yaani wote kuacha kazi kwa pamoja mpaka wasikilizwe. Chama cha siasa kinataka kitu kingine. Kinataka kushika serikali, na kwa hiyo kinatafuta kura.

Lakini sheria za kazi hutungwa wapi? Bungeni. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi kisipoangalia mambo ya uchaguzi, kinaweza kushinda kwa mwajiri leo, halafu kesho ikatungwa sheria ya kuwanyang'anya walichopata. Ndiyo maana katika nchi nyingi vyama hivi huingia katika siasa. Sasa tuone mambo yalivyokuwa hapa kwetu.

Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea bara kwa kufuata reli. Mwaka 1950 makuli waligoma tena, pakatokea ghasia, na chama chao kikavunjwa. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba wakiungana wanaogopwa. Mwezi wa Oktoba 1955 vyama mbalimbali vya wafanyakazi viliungana vikafanya shirikisho moja, lililojulikana kwa herufi TFL. Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali.

TANU ilikuwa imezaliwa mwaka mmoja nyuma, tarehe 7 Julai 1954. Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na chama cha siasa. Karani wa serikali akionekana na kadi ya TANU, kazi hana. Lakini kujiunga na chama cha kutetea mshahara iliruhusiwa. Basi watu wengi waliokuwa na moyo wa siasa waliingia kwa mlango huo.

TANU na TFL zikasaidiana. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam waligoma. Watu wakaombwa na TFL waache kunywa bia ya chupa, na TANU ikaunga mkono. (Kumwomba mtu aache bia yake si kazi ndogo, kila mwenye kilabu kijijini anajua.) Mgomo wa wachache ukawa jambo la watu wote.

Ukaja uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959. Si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Ilibidi uwe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo fulani. Mkulima wa kawaida alibaki nje. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wana-TANU wengi walichukia mpango huo, na mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulikuwa na mabishano makali. Mwisho Mwalimu Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki. Basi fikiria, ni Waafrika gani waliokuwa na mshahara au elimu iliyotakiwa? Makarani, walimu, mafundi. Wengi wao ndio hao hao wa vyama vya wafanyakazi. Watu waliosimama kwa msaada wa TANU walishinda. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na hapa nakuomba usome polepole.

Kawawa alikuwa waziri mwaka 1960. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mwezi uliofuata Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika nafasi hiyo. Kiongozi wa wafanyakazi sasa ndiye mkuu wa serikali. Lakini serikali yenyewe ni mwajiri mkubwa! Jana alidai mshahara, leo yeye ndiye anayetakiwa kulipa, na hazina ni ndogo, na wakulima nao wanataka barabara, shule na dawa.

Viongozi wa TFL wakagawanyika. Kasanga Tumbo, katibu wa chama cha wafanyakazi wa reli, ambao mwaka 1960 waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, alitaka vyama vya wafanyakazi visiwe chini ya TANU. Michael Kamaliza, rais wa TFL, aliona vyama vifanye kazi pamoja na TANU na serikali. Wote wawili walikuwa na hoja. Tumbo aliuliza nani atamtetea mfanyakazi dhidi ya serikali. Upande wa pili uliuliza kama ni haki mwenye mshahara agome ili aongezewe, wakati mkulima hana hata wa kumgomea.

Serikali ikaamua. Mwaka 1962 zilitungwa sheria za kazi ambazo ziliufanya mgomo wa halali uwe mgumu sana. Aliyezisimamia ni serikali ya Kawawa. Kamaliza akawa Waziri wa Kazi. Tumbo alipelekwa balozi London, akarudi mwaka huo huo, akaanzisha chama chake cha siasa. Januari 1964 askari waliasi, na baada ya maasi hayo viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa. Mwezi uliofuata sheria mpya ilivunja TFL na kuunda chama kimoja tu, NUTA. Katibu Mkuu wake hakuchaguliwa na wanachama, aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Kamaliza, naye akabaki Waziri wa Kazi. Yaani mtu mmoja alikaa pande zote mbili za meza.

Tusiseme wafanyakazi hawakupata kitu. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kwa sheria. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya kumzuia mwajiri asimfukuze mtu ovyo, na ukaanzishwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Kuanzia mwaka 1965 NUTA iliweza kupendekeza majina ya wabunge wa taifa. Hayo ni mambo makubwa. Lakini kazi mojawapo ya NUTA kwa sheria ilikuwa kuwahimiza wanachama wake wajiunge na TANU. Mimi naona chama kilichopewa kazi hiyo hakiwezi tena kuiambia TANU hapana. Ushahidi ni miaka ya 1971 hadi 1973, wafanyakazi wa viwanda vingi waliposimamisha kazi wenyewe bila kuongozwa na NUTA.

Mwaka 1978 NUTA iligeuka kuwa JUWATA, jumuiya ya CCM. Mwaka 1991 ikaja OTTU, ikatengwa na CCM kabla ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Wapenzi wa muziki hawahitaji kukariri majina haya. Bendi ile ile iliitwa NUTA Jazz, kisha JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Baadaye vyama vingi vya kazi viliruhusiwa, na mwaka 2001 likaundwa shirikisho la TUCTA.

TUCTA haiko chini ya chama chochote cha siasa. Je, ilipata nguvu katika uchaguzi? Mwaka 2010, miezi michache kabla ya kura, ilitangaza mgomo wa nchi nzima kudai kima cha chini cha shilingi 315,000 kwa mwezi. Rais Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam, akasema serikali haina uwezo huo, na kama kura za wafanyakazi bei yake ni hiyo, yuko tayari kuzikosa. Mgomo ukaahirishwa. Mwezi wa Oktoba alishinda. Ukiwa nje ya chama kinachotawala unasema upendavyo, lakini anayetawala anaweza kuhesabu kura zako akaona anaweza kuzikosa.

Jirani zetu wa Zambia walipita njia nyingine. Huko Frederick Chiluba, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi, aligombea urais mwenyewe. Oktoba 1991 alimshinda Kenneth Kaunda kwa kura nyingi. Serikali yake ikauza mashirika ya umma, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini watumishi wa serikali waliingia TFL badala ya TANU?

2. Kama ungekuwa Kawawa mwaka 1962, ungewaongezea wafanyakazi mshahara au ungejenga zahanati vijijini? Toa sababu.

3. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Waulize wazee wa kijiji chako: katika miaka hiyo, mkulima akipunjwa kwenye mizani alikwenda kumlalamikia nani?

4. Mgombea akija kijijini akaahidi bei nzuri ya mazao ili chama chenu cha ushirika kimuunge mkono, mtamtaka aahidi nini, na mbele ya nani?